Mtoro Aliyebaki Melini

"Hakuna kuingia mpaka feni imalize kazi yake," alisema msimamizi wa uwanja wa kukatia meli chakavu, mkono wake umekinga tundu la tangi. "Hata ungekuwa nani."

Inspekta hakubishana. Alivuta pipa tupu, akakaa, akaweka kofia ngumu magotini, akangoja. Mbele yake manowari ilikuwa imekatwa mkia na ubavu mmoja, mabomba na nyaya zikining'inia kama matumbo ya samaki aliyepasuliwa. Huku na huku wakata vyuma walikuwa wanaendelea na kazi, isipokuwa hapa penye utepe wa polisi, ambapo feni kubwa ilinguruma ikisukuma hewa ndani ya tangi.

"Kwani humo kuna nini?" aliuliza Sajini, ambaye alikuwa ameshavua koti kwa sababu ya joto. "Tangi si limekaa tupu miaka yote hiyo?"

"Tupu ndilo baya zaidi, mzee wangu," alijibu msimamizi. " Chuma kikifungiwa, kutu inakula hewa yote. Unashuka ukiwa mzima, unavuta pumzi mbili tatu, magoti yanalegea. Mwenzako anaona umeanguka, anaruka kukuokoa, naye analala papo hapo."

Inspekta aligeuka. "Hilo la mwenzako umelisikia au umeliona?"

"Nimeliona. Na siombi kuliona tena."

Inspekta alilitia akilini. Mwezi uliopita wakata vyuma hawa walikuwa wamefungua mfuniko wa tangi la mbele, lile la kutilia maji ya kuipa meli uzito, wakakuta mifupa ya mtu chini ya ngazi. Shingoni palikuwa na kibati cha jeshi. Namba ile ilikuwa ya fundi mitambo kijana ambaye wenzake walimwita Mluzi, kwa kuwa alipiga mluzi hata injini zikinguruma. Zaidi ya miaka ishirini iliyopita manowari hii ilipokuwa imewekwa ughaibuni kulinda njia za meli za mizigo, Mluzi alitangazwa kuwa mtoro. Alishuka bandarini, jeshi likasema, akapotelea mjini, hakurudi. Ushahidi wa utoro wake ulikuwa mmoja tu: afisa wa pili wa meli, ambaye sasa ni Kamanda mstaafu, alisema alimwona akiondoka kwa macho yake mwenyewe.

Mkuu wa Inspekta alitaka jambo liishe kimyakimya. Ajali ya zamani, mhusika hajulikani, funga.

"Mfuniko ulikazwa nati kwa nje, mkuu," alikuwa amemjibu. "Maiti haijifungii."

Mkuu alimtazama, akashusha pumzi, akampa mpaka mwisho wa wiki.

Msimamizi alishusha kifaa cha kupimia hewa kwa kamba, akakisoma, akatikisa kichwa kukubali. Inspekta aliwasha taa ya kofia, akashuka kwanza. Sajini alimfuata akihema na kuilaani ngazi, tumbo lake na aliyebuni tundu dogo namna ile.

Wataalamu walikuwa wameshaondoa mifupa, lakini kila kitu kingine kilikuwa mahali pake na namba yake: nyundo ndogo ya kugongea kutu, taa ya mkononi, miwani ya kuchomelea vyuma yenye mkanda uliofungwa waya mwekundu, na ndala za mpira, moja imekatika kigwe. Inspekta alichutama mbele ya ndala.

"Sajini, mtu anayekuja kufanya kazi humu anavaa nini?"

"Buti. Ovaroli. Glavu kama ana akili."

"Huyu hakuwa na buti. Hakuna hata kifungo cha chuma cha ovaroli. Alikuja na ndala."

"Basi hakuja kufanya kazi."

"Alikuja mbio." Alielekeza taa kwenye miwani. "Na hii? Fundi mitambo anaifanyia nini miwani ya kuchomelea?"

Sajini alikuna shingo. "Ameazima?"

"Mtu aazime miwani, asahau kuazima buti? Hapana. Humu waliingia wawili. Wa kwanza alikuwa na vifaa vyake. Wa pili alikuwa na ndala."

"Na huyo wa kwanza yuko wapi?"

Inspekta alitazama juu, kwenye duara la mwanga. "Alitoka," alisema. "Tunamtafuta aliyetoka."

*

Mpishi wa zamani wa manowari alikuwa sasa na kiwanda kidogo cha mikate, na tumbo la kukitangaza. Jina lake lilikuwa limetajwa na mabaharia watatu tofauti: alimtishia Mluzi kwa kisu, mbele ya watu, wiki ile ile aliyopotea. Inspekta alimkuta anapanga mikate kwenye rafu, unga mpaka kwenye nyusi.

"Ulimtishia kwa kisu, mzee?"

"Nilimtishia, ndiyo. Sikatai." Hakuacha kupanga. "Kisu cha mikate, kile chenye meno kama msumeno. Mwanangu, ukitaka kumuua mtu kwa kisu kile, lazima na yeye akusaidie."

Sajini alicheka. Inspekta hakucheka.

"Mligombania nini?"

"Magamba ya mkate. Yule kijana alikuwa na tabia mbaya sana. Mkate ukitoka tu kwenye jiko, wa moto, anapita, anabandua gamba la juu, anakimbia nalo huku anapiga mluzi. Mikate ya afisa inafika mezani imenyolewa kama wanajeshi wapya! Anayefokewa ni nani? Mimi."

"Mara ya mwisho ulimwona lini?"

Mpishi aliweka mkate chini. "Jumapili ya mikate iliyolowa."

"Nieleze."

"Jiko langu lilikuwa limeharibika, kwa hiyo mikate tukawa tunanunua nchi kavu. Sasa siku hizo tulikuwa tumefukuzwa gatini. Amiri, mkuu wa jeshi la wanamaji wa nchi ile, alikuwa anakuja kututembelea Jumatatu, na meli yake kubwa ilitaka nafasi yetu, basi sisi tukasogezwa nje, tukatia nanga katikati ya maji. Kila kitu kinakuja kwa boti. Jumapili mchana boti inaleta mikate yangu, bahari imechafuka, mawimbi yakapanda boti kama ngazi za nyumba ya baba yao. Magunia yalipofika, si mikate tena, ni uji! Nilikaribia kulia. Nani alikuja kunisaidia kuyavuta kwa kamba? Yule yule mwizi wangu wa magamba. Hakuwa zamu. Amevaa fulana na ndala, anacheka mpaka anajishika mbavu."

Kalamu ya Inspekta ilisimama. "Ndala?"

"Ndala za bluu. Alikuwa nazo tu kila akiwa mapumzikoni."

"Halafu?"

"Halafu sikumwona tena. Jioni nikamwekea sahani yake pembeni, nikaifunika. Haikuguswa. Asubuhi tunaambiwa ametoroka." Alijifuta unga usoni kwa kiganja, akauongeza badala ya kuupunguza. "Nikasema potelea mbali, hata kuaga? Nimemkasirikia mtu yule miaka yote hii, mwanangu. Nikitoa mkate jikoni namkasirikia."

"Hamkujiuliza aliondokaje, na meli iko katikati ya maji?"

"Boti za jioni zilipeleka watu wa likizo nchi kavu. Waliokwenda walidhani amebaki, tuliobaki tulidhani amekwenda. Na asubuhi ile nani alikuwa na nafasi ya kujiuliza? Amiri anapanda melini, sisi tunapiga rangi hadi vichwa vya misumari. Kesho yake tukang'oa nanga."

Inspekta alifunua picha ya vitu vilivyokutwa tangini, akaifunika tena. Alibadili swali. "Fundi wa kuchomelea alikuwa nani?"

"Cheche. Masikini, huyo naye mkosi ulimpata siku ile ile. Alianguka ngazini akapasuka kichwa. Boti ile ile iliyoleta uji wangu ndiyo iliyompeleka hospitali ya huko. Alirudishwa nyumbani kwa ndege, hatukuwa naye tena."

"Jumapili ile ile?"

"Jumapili ile ile." Mpishi aliwatazama mmoja baada ya mwingine. Mikono yake ilikuwa imetulia. "Kwa nini unaniuliza hivyo?"

"Nitakuja kukwambia, mzee. Nakuahidi nitakuja mwenyewe."

Nje, Sajini alikuwa na mkate mkononi ambao hakuna aliyemwona akiuchukua. "Mpishi tumfute?"

"Mfute. Mtu aliyeficha maiti hamwekei sahani."

*

Karakana ya Cheche ilikuwa inatengeneza mageti na madirisha. Yeye mwenyewe alikuwa mtu mwembamba, mikono imejaa alama ndogo ndogo za moto. Aliposikia neno manowari alizima mashine yake, akawaambia vijana wake waende wakale.

"Niambie ulivyoanguka," alisema Inspekta.

"Sijui nilivyoanguka."

"Ripoti ya meli inasema ngazini. Ulipasuka kichwa."

Cheche alivua kofia, akainamisha kichwa chenye upara mbele yake kama mtu anayenyolewa. "Kichwa hiki hapa, dada. Nywele zimeondoka, hakuna kinachojificha. Nitafutie kovu."

Inspekta alitazama. Sajini naye alitazama, akazunguka upande wa pili. Hapakuwa na kovu.

"Kitu cha mwisho unachokumbuka ni nini?"

"Kuitwa." Alivaa kofia tena. "Jumapili mchana, nimelala. Afisa wa pili ananiita yeye mwenyewe. Kuna ufa kwenye tangi la mbele, likitiwa maji yanavujia stoo, na Amiri anakuja kesho. Nikamuuliza, tangi limepimwa hewa? Akasema limepimwa. Mimi ni nani nimuulize mara ya pili? Nikashuka. Serahangi, mkubwa wetu wa sitaha, alikuwa juu ananishikia waya. Nikaanza kuchomelea. Mara miguu ikawa si yangu."

"Halafu?"

"Halafu hospitali."

"Katikati hakuna kitu?"

Cheche alichukua kipande cha chuma, akakigeuzageuza. "Kuna kitu, lakini daktari alisema ni ndoto. Mtu yuko chini yangu. Amenipitishia mikono kwapani, ananisukuma juu, kichwa chake kimenigandamiza mgongoni. Ananitukana. 'Panda, we gunia! Panda!' Juu kuna kamba, inanibana kifuani. Halafu ile mikono inaniachia."

"Sauti uliitambua?"

"Kila nikiota ni sauti ya Mluzi. Lakini nilipopona nikaambiwa Mluzi alitoroka. Nikasema basi, ndoto hazina adabu, zinachanganya watu."

Inspekta alimpa picha ya miwani. Aliangalia uso wake, si mikono yake.

"Hii ni yangu," alisema Cheche. "Mkanda ulikatika, nikaufunga kwa waya mwekundu. Mmeipata wapi?"

"Ndani ya tangi la mbele. Ilikuwa karibu na mifupa ya mtu aliyevaa ndala."

Cheche alitafuta pa kukaa, akakalia fremu ya geti ambayo haijamalizwa, na geti likalia chini yake. Inspekta alimwacha.

"Alikuwa upande gani?" aliuliza Cheche mwishowe.

"Chini ya ngazi."

"Mimi nilipanda, yeye akabaki."

"Hukupanda. Alikupandisha, na walio juu wakakuvuta. Hukuwa na fahamu. Sikiliza ninachokwambia, kwa sababu nitahitaji uyaseme haya mbele ya hakimu, na sitaki ufike pale umejibebesha mzigo usio wako. Aliyekwambia tangi limepimwa ni nani?"

"Afisa wa pili."

"Serahangi yuko hai?"

"Alifariki mwaka juzi."

"Basi amebaki mmoja." Inspekta alisimama.

Cheche naye alisimama. "Nakuja na nyinyi."

"Kule ninakokwenda sasa, hapana. Lakini kuna mahali pengine baadaye ambapo nitakuhitaji. Nawa uso, vaa shati safi, unisubiri."

*

Sebule ya Kamanda mstaafu ilikuwa na picha za meli kuta zote, na katikati ya meza manowari ndogo ya mbao, kila mzinga mahali pake. Aliwapokea kwa furaha ya mtu ambaye siku hizi haulizwi mambo ya zamani. Mkewe alileta chai, akaondoka.

"Yule kijana," alisema Kamanda, "ni doa pekee katika safari nzima. Fundi mzuri, lakini moyo wake haukuwa jeshini. Nimeshaeleza kwenye simu."

"Naomba unieleze tena, afande. Kwenye simu mtu anasahau."

"Mimi sisahau. Alishuka ngazi mchana, suruali ya kitambaa, viatu vinang'aa, begi begani. Akanipigia saluti. Nikamwambia asichelewe. Akaenda zake gatini, akapotelea kwenye watu. Ndiyo mwisho."

"Ulimwona mpaka akakanyaga gati?"

"Kwa macho haya."

Inspekta aliandika polepole. Kisha aliifunga kalamu, akaegemea kiti, akatazama kuta. "Miaka miwili ughaibuni. Lazima mliona mengi."

Sajini, aliyemjua bosi wake, alichukua kikombe cha chai na kunyamaza.

Kamanda alifunguka. Alisimulia baridi iliyogandisha kamba zikawa kama fimbo. Alisimulia meli ya mizigo waliyoizima moto, na nahodha wake aliyewabusu wote mashavuni, hata serahangi ambaye hakuwa na mswaki. Alinyanyuka, akaonyesha picha moja baada ya nyingine.

"Na hii?" Inspekta alisogea karibu. Mabaharia wamesimama mstari, sare nyeupe, mbele yao mzee mwenye medali kifua kizima.

"Ah! Hii ndiyo fahari yangu. Ziara ya Amiri. Nahodha wetu alikuwa mgonjwa kabini kwake, maandalizi yote niliyasimamia mimi."

"Inaonekana nyuma ni maji tu. Hamkuwa gatini?"

"Gatini wapi! Meli yake ilichukua nafasi yetu. Tulisukumwa nje tangu Ijumaa, tukatia nanga. Kila kitu kwa boti. Na bado nilihakikisha meli inang'aa. Niliwateremsha watu kwenye boti wapige rangi ubavu wote, mawimbi yanawarusha huku na huku. Amiri alipopanda Jumatatu asubuhi alisema hajaona meli safi kama ile."

"Jumatatu."

"Jumatatu, ndiyo."

"Na Mluzi alitoroka lini, afande?"

"Jumapi—"

Neno likakatikia hapo. Kidole chake kilikuwa bado kwenye kioo cha picha, kimegusa maji yaliyo nyuma ya Amiri.

Inspekta alirudi kwenye kiti chake. "Ukiwa tayari, endelea. Alishuka ngazi ipi, akakanyaga gati lipi?"

"Ni miaka mingi. Huenda ilikuwa boti."

"Ulisema husahau."

"Boti, basi. Alishuka kwenye boti."

"Na viatu vinavyong'aa?"

"Nimesema hivyo."

Aliweka picha ya ndala mezani, kando ya manowari ya mbao. Kisha picha ya miwani. "Tumemkuta na ndala. Mpishi anazikumbuka. Mfuniko ulikazwa nati zote, ukapakwa rangi juu yake. Ile rangi yako, afande, ya Amiri. Cheche ametuonyesha kichwa chake, hakina kovu."

Kamanda alikuwa amekaa bila kuangalia kiti. Alizisogeza picha mbili zile karibu yake.

"Kumbe Cheche yuko hai?"

"Yuko hai. Anatengeneza mageti. Nani alipima hewa ya tangi?"

"Tungelipima. Ilikuwa lazima feni iwekwe kwanza, na feni ilikuwa imepelekwa chumba cha mitambo, na watu wote..."

"Nani alipima?"

"Hakuna aliyepima."

"Ulimwambia Cheche limepimwa."

"Nilimwambia."

Mlangoni mkewe alikuwa amesimama na sinia ya kuondolea vikombe. Hakuingia, hakutoka.

"Cheche alipoanguka, nani alikuwa hapo?"

"Mimi na Serahangi. Serahangi akapiga kelele. Yule kijana alikuwa anapita sitahani, mikono imejaa mikate iliyolowa. Nikamwambia simama. Nilimwambia, Inspekta, hilo naapa. Hakusikia. Alishika ncha ya kamba akateremka nayo. Akamfunga Cheche, akamsukuma kwa chini, sisi tukavuta. Tulipomtoa Cheche, tukageuka. Alikuwa ameshaachia ngazi."

"Mlifanya nini?"

"Serahangi alishuka na kamba kiunoni. Nikamvuta yeye mwenyewe akiwa taabani. Tuliita. Tukaita tena. Hakujibu."

"Boti iliyokuwa ubavuni ikampeleka Cheche hospitali. Kwa nini watu wa boti hawakuambiwa?"

Kamanda aliigeuza picha ya ndala, ikatazama chini.

"Meli kubwa ya Amiri ilikuwa gatini, ina vifaa vyote vya hewa, ina madaktari. Kwa nini hamkuwaita?"

"Alikuwa amekwisha kufa."

"Nani alimpima?"

Kamanda alifunika macho kwa kiganja.

"Nauliza, afande, nani alijua kwamba amekufa?"

"Hakuna."

"Mlifunga tangi lini?"

"Alfajiri. Kabla Amiri hajapanda." Alishusha mkono. "Ningesema baada ya ziara. Nilikusudia kusema. Halafu Amiri akanipa mkono, akanisifu mbele ya wote, na kesho yake tukang'oa nanga. Serahangi alinyamaza kwa sababu nilimwamuru. Kila siku iliyopita ilikuwa vigumu zaidi."

"Kwako," alisema Inspekta. "Mama yake Mluzi alipekuliwa nyumba. Askari waliinua mpaka magodoro, wanamtafuta mtoro. Uliwatuma wewe?"

"Ilikuwa ni utaratibu."

"Simama, afande. Unakwenda na sisi."

Alisimama. Alivuta mabega nyuma, akajaribu kuwa yule wa kwenye picha. "Naomba nivae koti langu la jeshi."

Inspekta alimgeukia mke wa Kamanda mlangoni. "Mama, tafadhali mletee shati la kawaida."

Yule mama aliiweka sinia chini, juu ya zulia, akaenda kulileta bila kumtazama mumewe.

*

Mama yake Mluzi aliishi na bintiye katika nyumba ya vyumba vitatu, nyuma ya stendi ya magari. Inspekta alikuwa amejikataza kufika hapo mpaka awe na kitu cha kusema kilichokamilika. Sasa alikaa kwenye kochi, Sajini upande huu, Cheche upande ule amevaa shati jeupe lenye mikunjo ya kabatini. Bibi alikuwa mwembamba, macho makali, fimbo ameilaza mapajani.

"Polisi tena," alisema. "Zamani walikuja wanajeshi. Niliwaambia hayupo. Nanyi nawaambia hayupo."

"Najua hayupo, mama. Nimekuja kukwambia alipo."

Alimweleza. Hakuzunguka, hakupamba. Alimwambia kuhusu tangi, hewa, mtu aliyeanguka ndani, na kamba. Alimwambia nani alisema uongo na kwamba mtu huyo sasa yuko mahabusu. Binti alianza kulia katikati ya maelezo. Mama hakulia. Aliposikia yote aliinua fimbo, akamwelekezea Cheche.

"Huyu ndiye aliyetolewa?"

Cheche alipiga magoti sakafuni.

"Una watoto?"

"Wanne, mama. Na wajukuu."

"Wote baada ya safari ile?"

"Wote."

Mama alimtazama kama anayempima nguo. "Inuka. Utawaleta niwaone." Kisha akamgeukia Inspekta. "Kwa hiyo hakutoroka."

"Hakutoroka. Hakuwahi kuondoka melini."

"Na nyinyi mtasema hivyo? Si humu ndani. Huko nje, kwa maandishi na kwa mdomo?"

"Nimeshasema kwa mkuu wangu. Kesho nitasema mahakamani. Jeshi likitaka kunyamaza nitawafuata mpaka wachoke na uso wangu."

Mama alikubali kwa kichwa. "Alipotea, nikataka kukaa kilio. Baba yake mdogo akanikataza. Akasema mtoro haliliwi, tutachekwa, na tena atarudi siku moja na aibu yake. Mtaa mzima ukanyamaza. Mtu anakutana nami sokoni, anatazama nyanya." Alipapasa fimbo, akasimama. Binti yake aliwahi kumshika mkono, akautoa. "Niache, nina miguu. Nenda kwa baba yako mdogo. Mwambie mama anakuita, na asiulize kwa nini. Ukipita kwa majirani, waambie pia."

"Niwaambie nini, mama?"

"Waambie nina msiba."

Alikwenda mlangoni, akaufungua pande zote mbili, akaubana kwa tofali usijifunge. Jua la alasiri liliingia mpaka kwenye kochi. Alitazama uwanja mdogo mbele ya nyumba, akaupima kwa macho, kisha akawageukia wale watatu waliokuwa wamesimama hawajui wafanye nini.

"Mnanitazama nini?" alisema. "Toeni viti nje. Watu wanakuja kumlilia mwanangu."

Inspekta alivua koti, akashika kiti cha kwanza.